Mume wangu anaamini kila kitu cha mtoto ni kipya, na mimi nimenyamaza

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 31, fundi cherehani, ninaishi Tabata, Dar es Salaam, na mume wangu ambaye tuko naye mwaka wa sita wa ndoa. Nina ujauzito wa miezi minane. Miaka mitatu iliyopita tulipoteza mimba ya miezi minne, na tangu siku ile nyumba yetu imekuwa ya watu wanaotembea taratibu, wasiotaka kuigusa furaha isije ikavunjika. Kliniki wananiambia mtoto anaendelea vizuri. Kinachoninyima usingizi ni vitu vya mtoto, na fedha za kuvinunulia.

Ujauzito ulipofika mwezi wa sita, mume wangu alinikabidhi shilingi 2,200,000 taslimu pamoja na karatasi aliyoiandika kwa mkono wake. Kitanda cha mtoto na godoro lake, laki sita. Kigari cha kusukuma, 450,000. Kiti cha mtoto cha garini, 380,000. Nguo, mashuka na mablanketi, laki nne. Beseni, begi, nepi na vitu vya kwenda navyo hospitali, 270,000. Kigari cha kujifunzia kutembea, laki moja. Alikuwa amezunguka madukani Kariakoo mwenyewe kuuliza bei, jambo ambalo hajawahi kulifanya kwa kitu chochote cha nyumbani. Aliponipa zile fedha aliniambia, “Mtoto wangu hatavaa kafa Ulaya,” yaani mtumba.

Shangazi, mimi ni fundi. Nikishika kitambaa kwa vidole viwili najua kama ni pamba au si pamba, na najua kitakuwaje kikifuliwa mara tano. Nilikwenda Kariakoo kama alivyotaka, nikaona nguo za watoto zinazong’aa ambazo mshono wake unaachia ukiuvuta kidogo. Kisha nikapita Karume, kwenye soko la mitumba, kwa mama mmoja anayefungua belo la watoto, nikakuta vijinguo vya pamba nzito, vingine havijavaliwa kabisa. Nilisimama pale nikapiga hesabu. Sina mwajiri. Nikijifungua, cherehani italala, lakini kodi ya fremu, shilingi 120,000 kila mwezi, haitalala. Nikifanyiwa upasuaji nitakaa muda mrefu zaidi bila kukanyaga cherehani. Nikaamua.

Nguo zote za mtumba zilinigharimu 85,000. Kigari cha kusukuma nilikipata kwa 110,000, kiti cha garini kwa 70,000, kigari cha kutembelea kwa 35,000, vyote vimetumika. Kitanda nilipewa bure pamoja na godoro na rafiki yangu wa jumuiya ambaye watoto wake wawili wamekua, nami nikalipa 25,000 za kirikuu kukileta. Vitu vilivyobaki nilinunua vipya kwa 215,000. Jumla ni 540,000. Zilizobaki, 1,660,000, niliziweka katika akaunti niliyoifungua kwa jina langu.

Kitanda nilikipiga msasa na kukipaka rangi nyeupe mwenyewe. Mume wangu aliporudi kutoka safari ya kikazi Mtwara alikizunguka, akakipapasa, akashusha ule ubavu wake unaoteremka na kuupandisha tena, akasema, “Kitu cha laki sita kinajionyesha.” Nilipaswa kusema neno wakati ule. Nilikwenda jikoni.

Ningeweza kuendelea kukaa kimya, lakini mawili yametokea. Kwanza, wiki iliyopita ujumbe uliingia kwenye simu yake ikiwa mezani, nikauona: makato ya mkopo wa Saccos ya kazini kwao, 240,000, awamu ya pili kati ya kumi na mbili. Nilipochunguza nikajua alikopa 2,500,000, wala hakuniambia. Maana yake atarudisha 2,880,000 kwa ajili ya vitu ambavyo mimi nimevipata kwa 540,000. Pili, mama mkwe wangu na wifi yangu wanakuja kutoka Tanga baada ya wiki mbili kukaa nami hadi arobaini, na mume wangu ameshawasimulia kwamba mjukuu wao ananunuliwa vipya vitupu. Kitanda kile wanawake wote wa jumuiya yetu wanakifahamu. Watakapokuja kunitazama mzazi, yupo atakayesema.

Mume wangu si mtu mkali. Ni mtu wa kunyamaza, na kunyamaza kwake ndiko ninakokuogopa. Aliwahi kunisimulia mara moja tu, usiku umeme ulipokatika, kwamba yeye ni wa sita kuzaliwa kwao, na kwamba alianza darasa la kwanza na sare iliyokwisha kuvaliwa na kaka zake watatu. Watoto walimcheka kwa viraka vyake. Hakuwahi kulirudia tena.

Je, nimwambie kabla ya mama yake kufika, au ningoje nijifungue kwanza? Nimrudishie fedha apunguze mkopo, nami nibaki bila akiba? Nianze na mkopo wake alionificha? Wakati mwingine najiona mke mwenye akili, na wakati mwingine najiona mwizi ndani ya nyumba yangu.

Mama Kijacho, Tabata

JIBU

Marahaba, mwanangu. Pole kwa mimba mliyoipoteza, na nakuombea hii unayoibeba ifike salama. Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara ya pili nilikuwa na kalamu mkononi nikijumlisha pamoja nawe. Hesabu yako ni sahihi hadi shilingi ya mwisho, nami sishangai kwa mtu anayeishi kwa futi na mkasi.

Nikikuelewa vizuri, mambo yako ni haya. Ulipewa fedha kwa kusudi lililotajwa, ukalitimiza kusudi lile kwa njia ambayo aliyekupa alikuwa ameikataa kwa maneno, ukaificha ile njia, kisha ukagundua kwamba naye alikuwa ameificha njia aliyozipatia fedha zenyewe. Ninyi wawili mmedanganyana kwa ajili ya mtoto mmoja ambaye bado hajazaliwa, na kila mmoja amefanya hivyo kwa kumpenda. Sisemi hivyo ili kuufanya uongo uwe mdogo. Nasema ili tusianze mazungumzo haya kwa kumtafuta mbaya, kwa sababu katika barua yako sikumwona.

Nianze na lile neno, kafa Ulaya. Vijana wa leo wanasema mtumba tu, lakini sisi tuliokua zamani tunakumbuka jina hilo lilivyotumika, kwa dhana kwamba mwenye nguo amefia huko kwao na nguo zake zikasafirishwa kuja kwetu. Ni jina lenye maiti ndani yake. Wewe ulilisikia kama neno la mtu mwenye majivuno ya dukani, na huenda ni hivyo. Lakini mtu aliyezika matumaini ya mtoto miaka mitatu iliyopita anaweza kulitamka jina hilo akiwa anaogopa kumvika mwanawe kitu kilichowahi kuguswa na mauti. Au huenda alikuwa akimzungumzia yule mtoto wa darasa la kwanza mwenye viraka. Mimi sijui ni lipi kati ya hayo, nawe kwa barua yako hujui bado, kwa kuwa hukumuuliza. Angalia pia kwamba alisema “hatavaa.” Kitanda hakivaliwi. Inawezekana kabisa kwamba kitanda alichopewa mtoto na rafiki wa mama yake, ambacho wenzake wawili wamekilalia wakakua, si kitu kile kile machoni pake na nguo iliyotoka kwenye belo. Inawezekana pia kwamba ni kile kile. Ninachokuomba ni kwamba usimjibie.

Jambo la pili ninalotaka tulitazame kwa makini ni akiba yenyewe, kwa sababu umeichukulia kana kwamba imekamilika, na mimi naona baadhi ya vitu hivyo bado havijamaliza kudai fedha zako.

Nguo kwanza, maana hapo ndipo ulipo na nguvu. Mtoto mchanga anaongezeka mwili haraka mno, na nguo ya mwezi wa kwanza mara nyingi haimfai wa tatu. Pamba iliyofuliwa mara nyingi ni laini kwa ngozi yake kuliko kitambaa kipya chenye dawa za kiwandani. Zifue zote, zikaushe juani, uzipige pasi mpaka kwenye mishono, kwa sababu wako inzi wanaotaga mayai kwenye nguo zilizoanikwa nje, na mabuu yake huingia ndani ya ngozi. Mafundi wengi wa pwani wanalijua hilo. Lisilojulikana sana ni harufu. Nguo, blanketi au shuka lolote, liwe la mtumba au la kurithi kutoka kabatini kwa ndugu, likinuka vile vidonge vyeupe vya kufukuza nondo na mende, liweke mbali na mtoto. Vingi vya vidonge hivyo vimetengenezwa kwa naftalini. Mtoto mchanga aliyerithi upungufu wa kimeng’enya kiitwacho G6PD, hali iliyoenea katika maeneo yaliyokaa na malaria kwa vizazi vingi, pamoja na haya yetu, anaweza kuharibikiwa chembe nyekundu za damu kwa kuivuta harufu hiyo, akageuka rangi ya njano na kuzidiwa haraka. Nguo ya shilingi mia tano inayonuka hivyo hata baada ya kufuliwa na kuanikwa siku kadhaa, igeuze tambara la kupigia deki.

Kitanda kinanipa wasiwasi mkubwa zaidi, na nakuomba usome sehemu hii taratibu. Uliandika kwamba mumeo alishusha ubavu wake na kuupandisha. Vitanda vya mtoto vyenye ubavu unaoteremka vilipigwa marufuku kutengenezwa na kuuzwa Marekani mwezi Juni 2011, baada ya kuhusishwa na vifo vya watoto wachanga wasiopungua 32 tangu mwaka 2000. Vifungo vya plastiki au skrubu hulegea kadiri miaka inavyopita, ubavu unachomoka upande mmoja, na mtoto anateleza akabanwa kati yake na godoro. Hatari hiyo huongezeka kitanda kinapokuwa kimefunguliwa na kufungwa upya, kama cha kwako kilivyofanywa bila shaka ili kiingie kwenye kirikuu. Pima pia nafasi iliyopo kati ya fito: isizidi sentimita 6, na usipokuwa na rula, chukua kopo la soda; likipita kati ya fito mbili, nafasi hiyo ni kubwa mno. Godoro liwe gumu na lijae kitandani pasibaki pengo la kuingia vidole viwili, na likiwa limebonyea katikati kwa watoto wawili waliotangulia, nunua jingine. Hayo mengine ya kupendeza, mito na yale magodoro membamba ya kufungwa pembeni, mtoto hayahitaji wala hayamfai. Alale chali, peke yake kwenye godoro lake, ndani ya chandarua. Kliniki zetu za mama na mtoto hutoa chandarua chenye dawa kwa mjamzito, kwa hiyo kama hukupewa, uliza kabla hujanunua.

Kuhusu rangi, mwanangu, rangi za zamani za mbao mara nyingi zilikuwa na madini ya risasi, na vumbi la msasa wake si zuri kwa mjamzito wala kwa mtoto atakayekuja kuitafuna fito ya kitanda meno yakianza kuota. Waeleze wahudumu wa kliniki kwamba ulipiga msasa ukiwa na mimba, ili wakushauri. Sikutishi, ni jambo la kulisema tu ili walijue.

Kiti cha garini ni kitu ambacho sikinunui mtumba kwa mtu nisiyemjua, nami huwaambia hivyo hata binti zangu. Kiti kilichokuwa ndani ya gari lililopata ajali kinaweza kuwa kimepasuka ndani pasipoonekana, na muuzaji wa Karume hana namna ya kujua historia yake. Kigeuze uangalie chini yake: vingi vina tarehe ya mwisho wa matumizi, kwa kawaida kati ya miaka 6 na 10 tangu kilipotengenezwa. Kile kilichotoka Ulaya kiwe na lebo yenye herufi E ndani ya duara. Kama ni cha kiwango cha R44, ile namba ndefu ianze na 03 au 04, kwa maana vya kabla ya hapo vilikwisha kuondolewa barabarani huko kwao tangu 2008. Kifungwe kiti cha nyuma, mtoto akitazama nyuma ya gari, na kamwe kisiwekwe mbele penye mfuko wa hewa. Usipoipata tarehe wala lebo, zile 70,000 zimepotea, nami naona heri zipotee.

Kigari cha kujifunzia kutembea kilikuwa kwenye karatasi ya mumeo, kwa hiyo hapa nawalaumu wote wawili kwa upole. Kanada ilikipiga marufuku mwaka 2004, hata kuuzwa kikiwa kimetumika, kwa sababu watoto wanaporomoka nacho kwenye ngazi na kufikia moto na maji ya moto kabla mzazi hajageuka. Wala hakimfundishi mtoto kutembea. Mkeka chini na stuli ya kushikilia vinatosha. Na kigari cha kusukuma, hebu fikiria njia unayopita kwenda fremu yako: mchanga, madimbwi, bodaboda zinazopita hadi mlangoni. Huenda utakisukuma Jumapili kwenda kanisani, na siku nyingine zote mtoto atakuwa mgongoni kwenye mbeleko. Ulikinunua kwa robo ya bei ya dukani, ni kweli, lakini kitu usichokitumia hakiwi rahisi kwa kuwa kimetumika na mwingine. Bado unaweza kukiuza.

Ufini wamekuwa wakiwapa wajawazito sanduku la karatasi ngumu lenye nguo na mahitaji ya mtoto, wenye kipato kidogo tangu 1938 na wote tangu 1949, na chini ya sanduku hulazwa godoro dogo, kwa hiyo vizazi vingi vya watoto wa nchi ile vililala usingizi wao wa kwanza ndani ya sanduku. Nakukumbusha hayo ili ukiona kitanda hakifai usidhani mtoto wako amekosa pa kulala. Godoro gumu lenye usawa, chandarua, na mama yuko karibu, vinatosha kwa miezi ya mwanzo.

Sasa nirudi kwenye kunyamaza kwako, kwa maana mambo haya mawili yamefungamana kuliko ulivyoona ulipokuwa ukiandika. Mumeo anaamini kitanda ni kipya. Kwa hiyo hatakagua skrubu. Atakapoletewa mtoto usiku atamlaza, ataupandisha ubavu kwa mkono mmoja na kurudi kulala, akiwa na imani ya mtu aliyelipa laki sita. Ndivyo ilivyo kwa kiti cha garini pia. Siri ya bei peke yake ingeweza kungoja. Siri ya umri wa kitu inamfikia mtoto.

Hilo halimaanishi kwamba ipo njia moja tu. Unaweza kungoja hadi ujifungue, ukiwa umevibadilisha kimyakimya vile vya hatari kwa fedha uliyonayo: kiti kipya, godoro jipya, kitanda kikaguliwe na seremala au kiwekwe kando. Faida yake ni kwamba unajifungua kwa utulivu, na utulivu wa mjamzito aliyewahi kupoteza mimba si jambo dogo. Hasara yake ni kwamba unaongeza tendo jingine la siri juu ya la kwanza, na wanawake wa jumuiya hawatangoja ratiba yako. Mume akilisikia kutoka kwa mgeni, mbele ya mama yake, huku wewe ni mzazi wa siku tano, atanyamaza kule unakokuogopa, nawe hutakuwa na nguvu za kukaa na kimya hicho.

Unaweza kumwambia sasa, ninyi wawili, kabla ya basi la Tanga kufika. Hapo atapata nafasi ya kuumia faraghani na ya kuamua mwenyewe atamwambia mama yake nini. Hatari ni kwamba ataumia kweli, na wiki mbili ni chache kwa mtu wa aina yake. Ukichagua hivyo, fikiria utaanzia wapi. Ukianza na mkopo wake, hata kama una haki, atasikia kwamba ulikuwa ukimpekua ili upate ngao, na mazungumzo yatageuka kuwa ya nani alianza kuficha. Ukianza na kitanda, na zile fedha ukaziweka wazi mbele yake pamoja na hesabu yako, huenda yeye mwenyewe akauleta mkopo mezani. Huenda asiulete. Itabidi uwe tayari kwa hilo, na uamue mapema kama utasema kwamba uliuona ujumbe.

Wengine katika hali yako huwatafuta wasimamizi wao wa ndoa wawe mashahidi wa mazungumzo. Inasaidia pale ambapo mume ni mkali. Kwa mume mnyamavu inaweza kumfanya ahisi kwamba watu wa nje walijua kabla yake, kwa hiyo lipime wewe unayemjua.

Kuhusu zile 1,660,000, sidhani kwamba uliziiba, lakini sidhani pia kwamba ni zako peke yako kuziamulia. Mwajiriwa ana siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo kisheria. Wewe mwenye cherehani yako hesabu ya siku hizo unaijua mwenyewe, na inawezekana mumeo, ambaye mshahara wake unaingia kila mwezi hata akiugua, hajawahi kuifikiria kodi ya fremu kama sehemu ya gharama za mtoto. Ilikuwa haki yako kumwonyesha. Mkikaa pamoja, waulizeni Saccos jinsi riba inavyokokotolewa. Ikiwa inatozwa kwenye deni linalobaki, kulipa sehemu kubwa mapema kutapunguza zile 380,000 za riba. Ikiwa ilipigwa yote mwanzoni, kulipa mapema hakutawaokolea mengi, na huenda fedha hizo zikafaa zaidi zikiwa karibu kwa ajili ya hospitali na ile miezi ambayo cherehani italala. Mnaweza kuzigawa pia. Lakini hilo ni la watu wawili wenye karatasi moja mbele yao, na kwa sasa kila mmoja wenu ana nusu ya karatasi.

Nimemfikiria mama mkwe wako pia, kwa kuwa umemweka katika barua kama hakimu anayekuja na basi. Huyu ni mwanamke aliyelea watoto wasiopungua sita na kuirithisha sare moja mara tatu. Sijui kama atakicheka kitanda cha kupewa. Ninachojua ni kwamba yeye ndiye aliyetia vile viraka, na kwamba anayo sababu yake ya kuvitia ambayo mwanawe pengine hajawahi kuisikia. Na yule rafiki yako wa jumuiya aliyekupa kitanda cha wanawe, naye yumo katika jambo hili. Siku atakapokuja kukuona atakitazama kikiwa cheupe, atangoja kidogo, na moyoni atajiuliza kwa nini hakuna anayemshukuru mbele ya wageni.

Umesema wakati mwingine unajiona mke mwenye akili na wakati mwingine mwizi. Mimi nilipofika mwisho wa barua nilimwona mwanamke mwenye mimba ya miezi minane aliyebeba peke yake hofu ya upasuaji, ya kodi, ya mume na ya wageni, na ambaye hakuna mtu ndani ya nyumba aliyemuuliza unaogopa nini. Mumeo naye alizunguka Kariakoo peke yake na deni mfukoni. Iwapo siku moja utamuuliza juu ya ile sare ya darasa la kwanza, muulize ukiwa na muda wa kumsikiliza hadi mwisho, hata kama hamtafika kwenye kitanda siku hiyo.

Ila jioni ya leo, kabla hujaamua lolote kati ya haya, chukua kopo la soda na bisibisi, ukaze kila skrubu unayoiona na uutikise ule ubavu kwa mikono miwili. Usiiname sana. Nitafurahi ukiniandikia mkishakikagua, uwe umekikagua peke yako au pamoja naye.

Shangazi